Je, Wajua? Filamu Ina Sarufi Yake, na Hufundishika Darasani

Je, wajua kwamba filamu za mwanzo hazikuwa na mikato ya kuunganisha picha moja na nyingine? Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu Auguste na Louis Lumière waliwaonyesha watazamaji wa Paris, waliolipa kiingilio, filamu 10 ambazo hakuna hata moja iliyofika dakika nzima. Mojawapo ni wafanyakazi wakitoka kiwandani. Kamera imesimama mahali pamoja, watu wanapita, imekwisha.

Je, wajua kwamba wanafunzi wa leo bado huanzia hapo? Mradi wa elimu ya filamu wa Cinémathèque française, ulioanza 1995, una zoezi la dakika ya Lumière: tuliza kamera, usiisogeze, rekodi dakika moja tu. Kwetu simu moja ya mwalimu inatosha. Mwanafunzi akisimama getini wakati wa mapumziko itambidi aamue akae wapi, aanze saa ngapi, nani aingie kwenye picha na nani abaki nje. Ameshaanza kuwa mwongozaji.

Je, wajua kwamba shule kongwe kuliko zote za filamu ilianzishwa Moscow mwaka 1919, wakati mikanda ya kurekodia ilikuwa adimu? Mwalimu Lev Kuleshov na wanafunzi wake waliigiza filamu nzima bila mkanda, na wakapekua kazi ya Mmarekani D. W. Griffith kipande kwa kipande wajue imeungwaje. Shule isiyo na vifaa ina mfano hapo.

Jaribio lililompa Kuleshov jina ndilo ningependa kila darasa lilifanye. Inasimuliwa kwamba alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, usioonyesha hisia yoyote, akauunganisha na bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Watazamaji wakasifu uigizaji: ana njaa, ana huzuni, ana tamaa. Uso ulikuwa uleule! Jaribu: mrekodi mwanafunzi mmoja asiyecheka wala kununa, umuunganishe na sahani ya pilau, kaburi, na mtoto mchanga. Kisha waulize wenzake anahisi nini. Atakayeliona hilo kwa macho yake hatadanganywa kirahisi na video iliyokatwa na kuungwa kwa hila.

Je, wajua kwamba filamu ya sauti hupitisha picha 24 kila sekunde? Dakika moja ni picha 1,440.

Je, wajua kwa nini kamera kuu za mpira wa miguu hukaa upande mmoja wa uwanja? Zikivuka upande wa pili, timu inayoshambulia kuelekea kulia itaonekana inashambulia kushoto. Waongozaji wa filamu hufuata kanuni hiyohiyo wahusika wawili wanapozungumza.

Je, wajua kwamba kati ya 1935 na 1937, Vugiri katika milima ya Usambara palikuwa makao ya mradi uliotengeneza filamu 35 za kuwaelimisha Waafrika? Baadaye, kitengo cha filamu za kikoloni kilichoundwa London mwaka 1939 kilishikilia kwamba Mwafrika hawezi kuelewa mikato ya haraka wala picha za karibu sana. Watu wake wakasimulia kisa cha wanakijiji walioonyeshwa mbu mkubwa kama ukuta, wakasema kwao hakuna mbu wa namna hiyo. Ilikuwa dharau iliyovikwa joho la utaalamu. Miaka ya 1950 kumbi za Zanzibar na Dar es Salaam zilijaa watu waliofuatilia filamu ndefu za Kihindi bila kukijua Kihindi. Lugha ya filamu hujifunzwa kwa kutazama, na Mzungu naye aliikuta ngeni.

Je, wajua kwamba Rashidi Kawawa, kabla ya kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika, alikuwa nyota wa filamu ya Kiswahili Muhogo Mchungu?

Je, wajua kwamba Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa tayari mwandishi wa riwaya alipokwenda Moscow kusomea filamu? Alitaka kuwafikia wasiojua kusoma. Borom Sarret yake ya 1963, kuhusu mwendesha mkokoteni wa Dakar, ni ya dakika 20 hivi. Inaenea ndani ya kipindi kimoja, na muda wa mjadala unabaki.

Je, wajua kwamba enzi za filamu bubu Japani ilikuwa na wasimulizi waliosimama kando ya pazia, walioitwa benshi? Wasimulizi wa filamu tunao hata kwetu: Tanzania tulikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro. Hiyo nayo ni historia ya filamu, na inastahili kufundishwa.

Mwalimu wa fasihi, wiki hii chagua dakika tano za filamu wanayoipenda wanafunzi wako. Zima sauti, waambie wahesabu mikato, kisha waulize kila mkato uliwekwa pale kwa nini.