Kisii na Nyamira: Alama za Juu, Lakini Mbio Zimekwenda Wapi?

Tangu wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waanze sekondari pevu Januari 2026, kuna swali linalozunguka barazani kwetu, kuanzia Mombasa hadi Kilifi na Kwale. Mtoto amepangiwa shule ya bweni Kisii au Nyamira, upande wa pili wa nchi, na mzazi anauliza huko kuna nini. Jibu huwa fupi: huko watoto husoma. Jibu hilo ni la kweli, lakini lingetosha kwa mtaala wa zamani. Kwa mtaala huu mpya wa umilisi halitoshi.

Tuanze na hayo masomo. Mjini Kisii kuna Kisii School, iliyoanza 1934 enzi za mkoloni na baadaye ikapandishwa kuwa shule ya kitaifa, na kuna wasichana wa Nyabururu. Ukitoka mjini kidogo kwa barabara ya kwenda Kisumu unafika Mosocho, iliko Cardinal Otunga, shule iliyopewa jina la Maurice Otunga, aliyekuwa askofu wa Kisii kabla hajawa kadinali 1973. Upande wa Nyamira kuna Sironga na Nyambaria.

Nyambaria ndiyo iliyotikisa nchi. Katika KCSE ya 2022 ilipata wastani wa karibu 10.9. Kwa asiyezoea hesabu hizi, gredi ya A ina pointi 12, A- ina 11, B+ ina 10, hivyo hivyo hadi E yenye pointi moja. Pointi za watahiniwa wote hujumlishwa, kisha zikagawanywa kwa idadi yao. Kwa hiyo 10.9 si habari ya mabingwa wachache wa darasa. Ni kusema kwamba mtoto wa katikati, yule ambaye hakuna mwalimu anayemtaja, alikaribia A-. Serikali iliacha kuzipanga shule kwa nafasi tangu 2014, lakini nani asiyejua kwamba wakuu wa shule na magazeti hupiga hesabu wenyewe?

Matokeo hayo yalipotangazwa Januari 2023 yalizua kelele za wizi wa mtihani, na kamati ya elimu ya Bunge ikafanya vikao kuchunguza. Mimi siihukumu shule yoyote. Naona tu kwamba shule ya Gusii ikifaulu hushukiwa upesi kuliko shule ya Nairobi, na hiyo si haki. Tena Fred Matiang'i, waziri aliyekaza kamba za mtihani hadi idadi ya A ikashuka kutoka 2,685 mwaka 2015 hadi 141 mwaka 2016, ni mwana wa Nyamira huyo huyo.

Sasa njoo kwenye riadha, maana hapa ndipo kuna jambo ambalo wengi wetu Pwani hatulijui. Watu wakitaja wakimbiaji wa Kenya, akili huenda Eldoret na Iten moja kwa moja. Lakini Mkenya wa kwanza kabisa kushinda dhahabu ya Olimpiki ni Naftali Temu, mwanajeshi kutoka Gusii, katika mita 10,000 huko Mexico mwaka 1968. Kabla yake Nyandika Maiyoro wa Kisii alikuwa amemaliza wa nne katika maili tatu huko Vancouver 1954, akarudi na kukimbia Olimpiki mbili. Na timu ya mbio za kupokezana vijiti ya mita 400 mara nne iliyoshinda dhahabu Munich 1972 ilikuwa na watu wanne: Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Watatu wa kwanza ni Wakisii. Ouko, kwa mbio hizo hizo, alipata chuo kikuu North Carolina, Marekani. Yaani miguu ilimlipia masomo.

Mbona hatusikii tena majina kama hayo kutoka huko? Si mwinuko, kwani mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Iten imeupita, sawa, lakini Temu alitosheka na milima ya kwao. Wala si kwamba watu hawapendi michezo. Nenda Gusii Stadium siku Shabana inapocheza uone. Kwa maoni yangu, tofauti ni shule. Pale Iten, shule ya sekondari ya St Patrick's ilimpata mwalimu wa jiografia kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, mwaka 1976, naye akaifanya riadha kuwa kazi ya kila siku. Shule hiyo ikamtoa Peter Rono, bingwa wa mita 1,500 Seoul 1988, na Matthew Birir, bingwa wa kuruka viunzi na maji Barcelona 1992. Kwa Wagusii, vipaji vililelewa zaidi jeshini na magereza, huku shule zikishindana kwa wastani.

Na kalenda ya michezo ya shule haisaidii. Muhula wa kwanza ni mpira wa vikapu, handiboli, hoki na raga ya wachezaji 15. Wa pili ni soka, voliboli, netiboli na raga ya wachezaji saba. Wa tatu ni mtihani. Timu huanzia zoni, ikapanda kaunti ndogo, kaunti, kisha mkoa wa Nyanza dhidi ya Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, halafu taifa na Afrika Mashariki. Ukitolewa kwenye kaunti, msimu wako umekwisha. Shule nyingi hutolewa hapo, kwa hiyo mtoto mwenye kipaji hupata siku chache tu za ushindani kwa mwaka. (Ukisikia Nyamira Girls wanatamba kwenye hoki usidanganyike na jina, hao ni wa Siaya.)

Mtaala mpya una mikondo mitatu: sayansi, teknolojia na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na michezo. Serikali inakusudia mkondo wa kwanza uchukue asilimia 60 ya wanafunzi, wa pili 25, wa tatu 15. Katika mkondo huo wa tatu mbio zina nafasi kwenye ratiba ya darasani, si baada ya saa kumi jioni tu. Ila si kila shule ina mikondo yote, na jina kubwa la shule halikuhakikishii mkondo wa tatu.

Basi wewe uliyepangiwa mtoto huko, piga simu kabla ya kulipa karo. Uliza kama mkondo wa michezo upo, na una wanafunzi wangapi mwaka huu. Uliza mwalimu wake ni nani na alisomea nini, na kama ni mwajiriwa wa TSC au amekodiwa na bodi. Uliza kama uwanja ni wa shule au wanaazima, na muhula wa tatu, mtihani unapokaribia, vipindi vyake hupewa nani.