Mizani Husema Uzani, Haisemi Sababu

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwahimiza watu waweke akiba, lakini ni nadra kukumbuka kwamba kibaba hupungua pia kwa njia iyo hiyo, haba na haba. Kusahau jambo hilo ndiko kunakowavunja moyo wakazi wengi wa Kibera na Kawangware walioamua kupunguza unene kwa kuhesabu kalori za chakula chao. Hujinyima wiki mbili au tatu, kisha hupanda mizani na kukuta kwamba uzani umeganda palepale, au hata umepanda.

Huenda msomaji akauliza: suala la unene lina nafasi gani katika mitaa ambayo husifika kwa shida ya chakula? Ukweli ni kwamba njaa na unene vyaweza kukaa chini ya paa moja. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi kiasi, ilhali asilimia 26 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Hakuna mkinzano hapo. Chakula kinachoshibisha kwa bei nafuu ni kile kilichojaa wanga, mafuta na sukari. Chapati mbili na chai humfikisha kibarua jioni, lakini samaki na matunda humwachia mfuko mtupu. Basi mama anapoambiwa kliniki kwamba shinikizo lake la damu lamtaka apunguze uzani, hilo si suala la urembo bali la uhai.

Natuchukue mfano wa mama muuza mboga wa Kawangware. Ameacha mandazi ya asubuhi, amepunguza sukari katika chai na mafuta katika sukuma wiki, hata akapunguza kalori 500 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuhifadhi kalori 7,700. Mwalimu wa hisabati akigawanya 500 kwa 7,700 atapata kwamba mama huyu anaweza kupoteza gramu 65 hivi za mafuta kila siku. Huo ni takriban uzani wa yai moja kubwa la kuku.

Sasa tuitazame mizani yenyewe. Kando ya njia za Nairobi zenye wapita njia wengi hukaa watu wenye mizani ndogo ambao humpima mtu kwa shilingi chache. Mama hupimwa Jumatatu asubuhi kabla ya kula, kisha Alhamisi jioni akiwa amevaa sweta na viatu vizito, amekwisha kula githeri na kunywa nusu lita ya maji. Maji hayo pekee yana uzani wa nusu kilo. Tena mizani iliyowekwa juu ya udongo usio sawa haiwezi kutoa jibu moja na ile iliyo juu ya saruji. Uzani wa mtu mzima huweza kupanda na kushuka kwa kilo moja au mbili kwa muda wa siku moja bila mafuta yake ya mwilini kubadilika. Je, yai moja litaonekanaje ndani ya mawimbi hayo?

Chanzo kikubwa cha mawimbi hayo ni maji. Akila chakula chenye chumvi nyingi, mwili huzuia maji. Wanawake wengi huzuia maji zaidi siku chache kabla ya hedhi. Isitoshe, mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushikilia takriban gramu tatu za maji. Ndiyo maana anayepunguza ugali ghafla hupoteza kilo kadhaa wiki ya kwanza na kushangilia, na ndiyo maana wiki ya tatu humwonea. Furaha ya kwanza ilikuwa ya maji. Kazi ya kweli ya kupunguza mafuta huenda polepole.

Hata hivyo, kuna wakati uzani huganda kwa mwezi mzima au zaidi, na hapo maji pekee hayatoshi kuwa sababu. Kwanza, mwili uliopungua huhitaji chakula kidogo kuliko mwili wa awali, nao hujifunza kubana matumizi. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, wanaume 36 waliojitolea walipunguziwa chakula hadi karibu nusu kwa muda wa wiki 24, chini ya uangalizi wa mtaalamu Ancel Keys. Walipoteza takriban robo ya uzani wao, lakini kasi ya kupungua ilififia kadiri wiki zilivyopita. Mapigo ya moyo yalipungua, baridi ikawasumbua, na miguu ikavimba kwa maji, hivyo mizani ikaficha sehemu ya kile walichokwisha kupoteza.

Pili, vipimo vyetu hulegea. Mitaani Kibera, mafuta ya kupikia hununuliwa kwa kupimiwa kidogo kidogo, kisha humiminwa sufuriani kwa kukadiria kwa jicho. Kijiko kikubwa kimoja kina takriban kalori 120. Vijiko viwili vya ziada katika sahani yake vitakula karibu nusu ya zile kalori 500 alizojinyima, naye asijue.

Hatari iko katika jinsi mtu anavyoijibu mizani. Wapo wanaokata tamaa na kurudia mazoea ya zamani, hali shinikizo la damu lilikwisha anza kushuka. Wapo wanaojishindisha na njaa kabisa. Wengine hununua majani ya kuharisha yanayouzwa kama dawa ya tumbo. Mizani hushuka kesho yake, lakini kilichotoka ni maji na chumvi za mwili, wala si mafuta. Juu ya hayo kuna maneno ya majirani. Eneo hili halijasahau kwamba mwaka 1985 madaktari waliandika kuhusu ugonjwa uliojulikana nchini Uganda kwa jina la Slim, uliokuja kueleweka kuwa ni UKIMWI. Tangu hapo anayekonda huulizwa maswali. Kwa hakika, anayekonda bila kukusudia anapaswa kwenda kliniki, kwa maana kifua kikuu na kisukari pia huanza hivyo. Lakini anayepungua kwa mpango hastahili kusengenywa.

Dawa ya mawimbi ni wastani. Mwenye mizani nyumbani ajipime kila asubuhi kabla ya kula, ajumlishe hesabu za siku saba, agawanye kwa saba, kisha alinganishe wiki kwa wiki. Asiye nayo aiendee mizani ile ile, siku ile ile na saa ile ile, akiwa na mavazi mepesi. Utepe wa fundi cherehani ukizungushwa kiunoni mara moja kwa mwezi nao ni shahidi mwema. Uzani ukiganda kwa mwezi, apime mafuta kwa kijiko kabla ya kukata chakula zaidi, na azungumze na mhudumu wa afya.

Walimu wana nafasi kubwa hapa. Somo la wastani lingeeleweka upesi iwapo wanafunzi wangechora jedwali la uzani wa siku saba, uwe wa mtu wa kubuni ili mwanafunzi yeyote asiaibishwe. Nanyi wanafunzi, mwili wenu ungali unakua, na kuongezeka kwa uzani katika umri wenu ni jambo la kawaida. Msiache chakula cha mchana kwa sababu ya tarakimu, wala msianze kuhesabu kalori bila ushauri wa daktari. Kazi yenu iwe kumweleza mama nyumbani, kwa heshima, kwamba yai moja kwa siku ni karibu kilo mbili kwa mwezi, hata kama mizani ya leo imelinyamazia.