Siku Arobaini na Tano za Uanagenzi: Kijana Wako Aendapo Kujifunza Kazi ya Kompyuta



Miongoni mwa karatasi zinazoletwa nyumbani na watoto wetu wanaosoma katika vyuo vya hapa England, imo moja ambayo wazazi wengi huitia sahihi bila ya kuisoma. Ni barua ya chuo inayoeleza kwamba mwanafunzi atakwenda kwa mwajiri kwa siku kadhaa ili ajifunze kazi. Mzazi huuliza swali moja tu: "Watakulipa kiasi gani?" Akijibiwa kwamba hakuna malipo, humwingia baridi moyoni, na tangu hapo siku hizo huhesabiwa kuwa ni siku tupu ambazo kijana aweza kutumwa popote.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba siku hizo si tupu hata kidogo. Tutazungumzia hasa wanafunzi waliochagua fani ya kuhudumia kompyuta na mitandao, kwani fani hii inawavuta vijana wetu wengi, wa kike na wa kiume, na wazazi wachache tu ndio wanaoelewa kinachofanyika ndani yake.

UANAGENZI SI JAMBO GENI KWETU

Wazee wetu waliujua uanagenzi kabla ya vyuo. Mwanagenzi wa seremala alianza kwa kufagia maranda na kushikilia ubao, akaangalia mkono wa fundi wake, na siku moja akapewa randa. Hata leo mwanafunzi wa chuo kikuu Tanzania hwenda "fildi", na mwenzake wa Kenya hwenda "atachimenti". Jambo ni lile lile: elimu ya darasani hutiwa katika mizani ya kazi.

Hapa England jambo hilo limefungwa pamoja na cheti chenyewe. Mfumo uitwao T Level ulianza Septemba 2020, na kozi ya huduma za kompyuta, kwa jina la Digital Support Services, ikafuata Septemba 2021. Ni masomo ya miaka 2 kwa vijana waliokwisha kufanya mitihani ya GCSE. Sharti lake mojawapo ni kwamba mwanafunzi afanye mafunzo kazini kwa muda usiopungua saa 315, yaani takriban siku 45. Asipozitimiza, hapati cheti kamili cha T Level, hata kama amefaulu mitihani yake yote. Basi mzazi na ajue kwamba kumzuia kijana asiende kazini siku ya mafunzo ni sawa na kumzuia asiingie katika chumba cha mtihani.

Kuhusu malipo, mwajiri anayempokea mwanafunzi wa T Level halazimiki kumlipa ujira. Baadhi hulipa, wengi hawalipi. Hata hivyo, upo mfuko wa serikali uitwao 16 to 19 Bursary Fund, ambao chuo chaweza kuutumia kumsaidia mwanafunzi mwenye shida kwa nauli na chakula. Msaada huo huombwa chuoni, na asiyeuliza huenda asiambiwe. Kuuliza si ujinga.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Wengi hudhani kwamba mwanafunzi wa fani hii hukaa mbele ya kioo siku nzima akibonyeza. Mara nyingi kazi yake huanzia kwenye dawati la msaada. Mfanyakazi aliyepatwa na tatizo hupiga simu au huandika, na tatizo hilo huandikishwa na kupewa nambari. Mafundi huliita andiko hilo tiketi. Ndani yake huandikwa nani ameomba msaada, saa ngapi, nini kimeshindikana, nini kimejaribiwa na kwa matokeo gani. Fundi mwaminifu haifungi tiketi mpaka mwenye shida akiri kwamba shida imekwisha.

Tuchukue mfano. Karani wa hesabu anasema, "Intaneti imekufa." Mwanagenzi asiye na utaratibu atabadilisha mambo matano kwa pamoja, na mashine ikipona hatajua ni dawa gani iliyoiponya. Aliyefundishwa huuliza kwanza: je, jirani yako anapata? Ikiwa jirani anapata, basi huenda ugonjwa hauko katika jengo zima, bali uko karibu na meza hii. Kisha huitazama anwani ya mashine. Kila kompyuta iliyo katika mtandao huwa na anwani ya nambari, na katika ofisi nyingi nambari hiyo hugawiwa na seva. Akiona anwani inayoanza na 169.254, hutambua kwamba mashine iliomba anwani, ikakosa jibu, ikajipa yenyewe. Hapo huanza kuufuata waya, na pengine hukuta kwamba kebo imechomoka nyuma ya meza wakati wa kufagia.

Kebo nayo ina elimu yake. Ndani mna nyuzi 8 za shaba zilizosokotwa mbili mbili kuwa jozi 4, na msokoto huo ndio unaopunguza mwingiliano wa ishara baina ya jozi moja na nyingine. Kutoka kwenye swichi ya mtandao hadi kwenye mashine, urefu wake usizidi mita 100. Aliyeyasoma hayo kitabuni anayajua. Aliyepiga magoti chini ya meza, akakata kebo, akazipanga nyuzi kwa rangi zake, akaibana na kuipima, huyo hayasahau.

Hata agizo linalochekwa na watu, la kuzima mashine na kuiwasha tena, lina sababu. Mashine inapozimwa, kumbukumbu yake ya muda husafishwa, na programu iliyokwama huanza upya. Lakini fundi mwema huandika kwamba alizima na kuwasha. Tatizo lile lile likirudi mara tatu katika juma moja, itajulikana kwamba dawa ile ilituliza maumivu tu, na ugonjwa ungalimo.

Hayo ndiyo mafunzo: kwenda kutoka karibu hadi mbali, kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na kuandika kila hatua. Mwenye mwenendo huo atafaa hata mashine za leo zikija kubadilishwa zote.

AMANA KABLA YA UJUZI

Yako mafunzo mengine yaliyo mazito kuliko kebo. Mhudumu wa kompyuta hupewa ufunguo wa vyumba vya watu wengine. Aweza kukutana na barua za mkuu wa ofisi, mishahara ya wafanyakazi, na habari za wagonjwa au za wanafunzi. Kwa sheria ya Uingereza iitwayo Computer Misuse Act, ya mwaka 1990, kufungua kwa kusudi kompyuta au mafaili ambayo mtu anajua hakupewa ruhusa kuyafungua ni kosa la jinai, hata kama hakuiba wala kuharibu kitu. Kijana aelezwe hayo nyumbani kwa lugha tunayoielewa sisi: alichokabidhiwa ni amana, na alichokiona kazini hakihadithiwi mezani wala kwa marafiki.

Amana hiyo hujaribiwa zaidi kwa simu. Mtu hupiga, sauti yake ya haraka na ya ukubwa, akasema: "Mimi ni meneja, niko safarini, nimesahau neno la siri, nibadilishie upesi." Mtoto aliyelelewa kwa adabu zetu huona haya kumhoji mkubwa. Lakini katika kazi hii adabu ni kumhoji. Kanuni ni kuthibitisha kwanza kwamba mpigaji ndiye, kwa njia iliyowekwa na ofisi, na asiyethibitika habadilishiwi, awe nani.

Hili si jambo dogo. Mwezi wa Aprili 2025 kampuni ya Marks & Spencer ilivamiwa katika mitambo yake ya kompyuta, ikalazimika kusimamisha mauzo ya mtandaoni kwa zaidi ya mwezi mmoja. Mwezi wa Julai mwaka huo mwenyekiti wake aliwaeleza wabunge kwamba wavamizi waliingia kwa ujanja wa kujifanya watu wengine. Baada ya mashambulizi ya majira yale dhidi ya maduka makubwa, kituo cha taifa cha usalama wa mitandao kilizishauri kampuni zichunguze upya namna madawati yao ya msaada yanavyobadilisha maneno ya siri. Mwanagenzi anayesema, "Samahani bwana, sina ruhusa, nitamwita msimamizi wangu," analinda nyumba nzima.

WALICHO NACHO WATOTO WETU

Tumezoea kuwahesabia watoto wetu mapungufu: hawana jamaa katika maofisi, majina yao ni magumu kutamkwa hapa, wazazi wao hawakusoma vyuo vya huku. Lakini katika kazi hii wana akiba ambayo wenyewe hawaijui. Mtoto aliyemfasiria bibi yake barua ya halmashauri, aliyemweleza baba fomu ya kodi, aliyemwonyesha shangazi namna ya kupiga simu ya picha bila ya kumfanya ajione mjinga, huyo amekwisha kujifunza nusu ya kazi ya dawati la msaada. Mashine nyingi hutengenezeka kwa dakika chache; kazi kubwa huwa kumtuliza mwenye mashine, kumsikiliza mpaka mwisho, na kumweleza kwa maneno anayoyajua. Kijana na aliseme hilo bila ya haya anapohojiwa na mwajiri.

Kwa upande mwingine, akiba hiyo hiyo ndiyo inayowatoa watoto kazini. Mara nyingi siku ya mafunzo hukatwa kwa sababu mama ana miadi ya daktari na hana wa kumfasiria. Ndugu wazazi, mgonjwa asiyejua Kiingereza ana haki ya kuomba mkalimani katika huduma za NHS, wala halipi kitu. Ombi hilo litolewe siku ile ile miadi inapowekwa, na lugha itajwe wazi: Kiswahili. Mkalimani huyo amefunzwa maneno ya tiba, naye hana haya ya mtoto mbele ya mama yake.

Vivyo hivyo kuhusu zamu za ghala na mikahawa. Twajua kodi ya nyumba haisubiri, na kijana anayechangia nyumbani anastahili dua. Lakini aliyefanya kazi hadi usiku wa manane hataweza kufuata waya saa tatu asubuhi. Ikiwezekana, zamu zipunguzwe kwa siku 45 tu, kisha zirudi.

MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI

1. Nani hasa atakuwa msimamizi wa kijana kila siku, na akiwa hayupo nani atashika nafasi yake?

2. Ni kazi zipi ataziona, zipi atazifanya pamoja na fundi, na zipi ataachiwa peke yake? Yafaa ziwe zimeandikwa.

3. Saa zake zitahesabiwa na nani, na katika karatasi gani? Kijana naye awe na daftari lake la kila siku.

4. Akihitaji nafasi ya sala, au akivaa hijabu, au akiwa na maradhi ya kudumu, nani aambiwe? Haya husemwa mapema, bila ya kuona haya. Sheria ya usawa ya mwaka 2010 inawalinda.

5. Mambo yakiharibika, nani wa chuo apigiwe simu?

Swali la tano lina uzito. Kubeba masanduku na kupika chai kwa siku ya kwanza si dhuluma. Hata mwanagenzi wa seremala alifagia. Lakini majuma mawili yakipita bila ya kuguswa mashine hata moja, hapo hakuna mafunzo. Kijana asiache kwenda, wala mzazi asiende kugombana ofisini kwa watu. Daftari lipelekwe kwa mratibu wa chuo, naye atazungumza na mwajiri au atatafuta mahali pengine.

Aidha, tutenganishe mafunzo ya chuo na hila za watu. Mwanafunzi aliyetumwa na chuo cha hapa, kama sehemu ya masomo yake, kwa muda usiozidi mwaka mmoja, hana haki ya kima cha chini cha mshahara. Lakini kijana aliyekwisha maliza masomo, akaambiwa na mwenye duka la kompyuta aje afanye kazi miezi kadhaa bure "apate uzoefu", huyo yuko katika hali nyingine. Akiwa anafanya kazi ya kweli kwa saa zilizopangwa kama wafanyakazi wengine, huenda sheria inamtaka alipwe, hata kama mwenye duka ni ndugu yetu wa mji mmoja. Shirika la Acas hutoa ushauri bure kwa simu juu ya mambo haya.

Mwisho, ombi kwa wenye ujuzi. Wamo katika jumuiya yetu watu wanaofanya kazi hizi kila siku, katika mahospitali, mashule na makampuni, nasi hukutana nao arusini na misibani bila ya kuwauliza kitu. Tunawaomba wampe mhariri majina yao. Jioni moja ya mwezi, meza moja ukumbini, kompyuta kuukuu mbili na mita chache za kebo zatosha kumwandaa kijana kwa siku yake ya kwanza. Fundi ni yule aliyefundishwa, naye hukamilika anapomfundisha mwenzake.