Sabuni ya mche yatosha: Tujifunze kwa watu wa Karachi



Mama akishapewa dawa ya mtoto anayeharisha, mara nyingi huniuliza: "Daktari, sasa ninunue sabuni gani ya dawa?" Sabuni hizo ni ghali, na wengi hununua kwa kusikia matangazo tu. Leo, inshaallah, tulijibu swali hili kwa matokeo yaliyopimwa.

Mwaka 2002 na 2003, watafiti walifanya kazi katika makazi ya watu wa kipato cha chini mjini Karachi, Pakistan, mji wa Waislamu wanaotawadha kama sisi. Mitaa 25 ilichaguliwa kwa kura ihimizwe kunawa mikono kwa sabuni. Humo, familia 300 zilipewa sabuni ya kawaida na familia nyingine 300 sabuni yenye dawa ya kuua vijidudu. Mitaa mingine 11, yenye familia 306, haikuhimizwa. Kila wiki, kwa mwaka mzima, wahudumu walipita nyumba hadi nyumba kuandika nani ameugua.

Kwa nini mitaa ile 11? Kwa sababu kuhara hupanda na kushuka kwa majira. Bila ya kulinganisha, tungeweza kuisifia sabuni kwa kazi iliyofanywa na kiangazi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Katika nyumba zilizopewa sabuni ya kawaida, nimonia kwa watoto chini ya miaka 5 ilipungua kwa asilimia 50. Kwa watoto chini ya miaka 15, kuhara kulipungua kwa asilimia 53, na vipele vya usaha kwa asilimia 34. Ama sabuni ya dawa, haikuonyesha ubora wowote wa maana kuliko ile ya kawaida. Basi mama, mche wako wa sabuni ya kufulia unatosha.

Huenda ukauliza, nimonia inahusiana nini na mikono? Mkono uliopangusa kamasi ndio humlisha mtoto, na yeye hutia vidole puani na mdomoni.

Lakini ndugu msomaji, matokeo hutolewa yote, matamu na machungu. Mwaka 2009 ilichapishwa habari ya familia za Karachi zilizowahi kuhimizwa na kupewa sabuni bure, ambazo zilifuatiliwa tena miezi 18 baada ya mpango kwisha. Wengi walikuwa bado na mahali pa kunawia penye maji na sabuni, na walijua kusugua mikono vizuri. Hata hivyo, hawakununua sabuni zaidi ya majirani zao, na kuhara kwao hakukuwa na tofauti ya maana na kwa wenzao. Elimu ilibaki, sabuni ikapungua.

Hapo ndipo penye somo letu. Sisi tuliosoma chuoni tunajua kuwa vitabu vya fiqhi hufungua kwa mlango wa tohara. Tunatawadha mara tano kwa siku, lakini wangapi wetu tunatoka chooni na kumwagia mkono maji matupu, kisha tunaingia jikoni? Udhu unaisihisha swala. Uchafu wa chooni unahitaji sabuni.

Anza leo. Weka kipande cha sabuni kando ya kopo la chooni na kingine jikoni. Kiingize katika hesabu ya matumizi kama chumvi. Kisha pima: weka alama kwenye kalenda kila siku mtoto anapoharisha, na baada ya miezi kadhaa linganisha na jirani. Walimu wa madrasa mnaweza kufanya hivyo kwa wanafunzi, na kuwasomea wazazi matokeo, yawe mazuri au mabaya.

Na mtoto akipumua haraka haraka, au akiharisha hadi kulegea, usingoje sabuni. Mwahishe hospitali.

Wabillahi tawfiq.