Nati za Gitaa Zinazojifungua Zenyewe

Gitaa la umeme la aina ya Stratocaster, lililoingia sokoni mwaka 1954, lina skrubu zaidi ya 40, nyingi zikiwa ndogo kuliko ukucha. Zimeshika shingo, pikapu, daraja, kifuniko cha plastiki na vifungo vya mkanda. Zote zimekaa juu ya ubao ambao kazi yake ni kutetemeka. Uzi mnene kuliko wote, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 82 kila sekunde, na mtetemo huo hupita kwenye daraja ukaingia mwilini mwa gitaa. Hakuna skrubu isiyoupata.

Hata hivyo mtetemo peke yake haufungui nati iliyokazwa vizuri. Nati ikikazwa, bolti huvutika kidogo sana, kama springi ngumu, na mvutano huo ndio unaobana vipande pamoja. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba kinacholegeza zaidi ni kutikiswa kwa upande. Vipande viwili vikiteleza kando, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, msuguano hukatika kwa kitambo. Hesi ya bolti, ile ambayo mafundi wengi huiita thredi, ni mteremko uliozungushwa kwenye chuma, na nati iliyokosa msuguano hushuka mteremko huo kidogo kidogo. Kwa hiyo nati hulegea pale ambapo kitu chini yake kimeshapata nafasi ya kucheza.

Katika ala za nyuzi, nafasi hiyo huletwa mara nyingi na ubao wenyewe. Mbao huvuta unyevu ikavimba, kisha hukauka ikanywea, hasa kukata nyuzinyuzi zake. Chuma hakifanyi hivyo. Gitaa lililokazwa nati zake Tanga wakati wa masika likapelekwa Dodoma mwezi wa Agosti linaweza kufika na nati zilizolegea bila mtu kuzigusa: ubao umenywea, na mvutano wa bolti umekwenda nao. Anayekaza tena kwa nguvu zake zote huubonyeza ubao ukabaki na shimo, na msimu ukigeuka mambo huwa yale yale, safari hii na rangi iliyopasuka juu. Ndiyo maana chini ya nati huwekwa washa, ambayo husambaza mbano. Washa yenye meno hufanya zaidi, kwa kuwa hung'ata pande zote mbili na kuzuia mzunguko.

Sehemu inayosumbua kuliko zote ni tundu la jeki, mahali kebo ya amplifaya inapochomekwa. Kwa nje huonekana nati moja bapa. Kwa ndani kuna kipande cha chuma chenye ulimi, na waya mbili zilizochomewa kwa risasi. Nati ikilegea, kila kebo inapochomekwa au kuchomolewa jeki nzima huzunguka kidogo, na waya hujisokota nayo. Dalili ya kwanza ni mkwaruzo kwenye spika mpigaji anapogeuka jukwaani. Siku moja waya hukatika na gitaa hunyamaza katikati ya wimbo.

Hapa ndipo watu wengi huharibu kwa nia njema. Hushika spana, hukaza nati kutoka nje, na jeki huzunguka pamoja na nati. Mizunguko mitatu ya namna hiyo yatosha kukata waya ambazo zingedumu miaka. Kinachotakiwa ni kuishika jeki isizunguke. Kwenye Stratocaster kisahani cha jeki hufunguliwa kwa skrubu mbili, kikavutwa nje, jeki ikashikwa kwa vidole huku nati ikikazwa. Kwenye magitaa mengi ya mbao tupu yaliyowekewa pikapu, jeki ipo mkiani, palipo kifungo cha mkanda, na shina lake limetobolewa tundu jembamba la kukatisha. Msumari mwembamba ukipitishwa hapo hulishika shina lisizunguke. Wengi humiliki gitaa la namna hiyo miaka bila kujua tundu lile ni la nini. Washa yenye meno hukaa ndani, kati ya jeki na ubao, si nje chini ya nati, ambako itachubua rangi tu.

Nobu za sauti zina ugonjwa huo huo na tiba hiyo hiyo.

Funguo za kukazia nyuzi, zile za kichwani, ni rahisi zaidi. Katika funguo zilizofunikwa, nati ya mbele hubana mwili wa ufunguo dhidi ya ubao, na kwa kawaida hupokea spana ya milimita 10. Hukazwa kwa vidole mpaka igote, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Skrubu ndogo iliyo kwenye ncha ya kishikio ni jambo jingine: katika aina nyingi kazi yake ni kuamua ufunguo uwe mgumu au mwepesi kuzungusha, na kuikaza sana hakuzuii uzi kushuka.

Darajani, skrubu haziwezi kukazwa mpaka mwisho, kwa sababu ndizo zinazopanga kimo cha kila uzi juu ya shingo. Lazima zisimame katikati ya safari yao na zitulie hapo. Watengenezaji wamelijibu tatizo hili kwa njia tofauti. Skrubu za pikapu huzungukwa na springi au bomba la mpira linalozisukuma wakati wote, ili hesi zisiache kugusana. Gitaa la Jazzmaster la mwaka 1958 halikupewa kinga kama hiyo: skrubu fupi zinazobeba vitandiko vya nyuzi hushuka zenyewe kwa mtetemo, uzi ukashuka nao na kuanza kutatarika kwenye vyuma vya shingoni.

Kwa skrubu kama hizo za chuma ndani ya chuma, dawa ni gundi ya kuzuia nati. Mwanakemia Vernon Krieble, mwalimu wa Trinity College huko Hartford, Marekani, aliitengeneza mwaka 1953 na ikajulikana kwa jina la Loctite. Ajabu yake ni kwamba hubaki majimaji ikiwa na hewa, na huganda inapogusana na chuma mahali pasipo hewa, yaani ndani ya hesi. Ya zambarau ni ya skrubu ndogo, ya buluu hufunguka kwa spana ya kawaida, na nyekundu hudai moto, kwa hiyo haina kazi kwenye gitaa. Tone la ukubwa wa kichwa cha pini latosha. Isiguse plastiki, maana huweza kuipasua, wala haifai kwa skrubu ya mbao, kwani humo haina chuma cha pili cha kuigandisha. Pasipo gundi hiyo, rangi ya kucha hufanya kazi kwa kiasi, na hufunguka bila ugomvi.

Skrubu ya kifungo cha mkanda ikizunguka bila kushika, tundu limeliwa. Skrubu nene zaidi huhamisha tatizo tu, na inaweza kupasua ubao. Vijiti vya kuchokolea meno hupakwa gundi ya mbao, hujazwa tunduni, hukatwa usawa wa ubao na kuachwa usiku kucha. Kesho yake hutobolewa tundu jipya lenye unene wa kiini cha skrubu bila hesi zake. Kila skrubu ya mbao inaporudishwa huzungushwa kwanza kinyume, taratibu, mpaka mkono usikie imedondoka kidogo: imepata njia yake ya zamani. Hapo ndipo hukazwa. Asiyefanya hivyo huchimba njia ya pili, na baada ya mara nne tano tundu huwa unga.

Kwenye fidla, kipande cha kufuatiliwa hivi ni kifaa cha kutyuni cha chuma kilichopo mkiani mwa nyuzi. Kipete chake kikilegea, fidla hulia kama ina nyuki ndani, na mwenye nayo hutafuta ufa usiokuwepo. Kipete hukazwa kwa vidole. Vigingi vya kichwani, kama vile vya udi, si skrubu: hushika kwa msuguano wa mbao na mbao. Kinachoteleza husukumwa ndani huku kikizungushwa, na kikiendelea hupakwa chaki kidogo.