Kila Huduma na Mlipaji Wake

Januari 20, 2025, Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku hizo hazijaisha, Machi 10, serikali yake ikatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika lake la misaada, imefutwa. Ilipofika Julai 1 shirika lenyewe likafungwa. Uingereza nayo ilishatangaza Februari kwamba itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Asasi zilizoko Njiro, Tengeru au Usa River, mkoani Arusha, hazikushirikishwa katika maamuzi hayo. Hata hivyo, palipokuwa na fedha hizo, posho ya mwelimisha rika na nauli ya anayemtembelea mgonjwa nyumbani zilisimama.

Tangu hapo bodi nyingi zimekuwa zikiulizana mfadhili mwingine atapatikana wapi. Naamini swali hilo linaulizwa kabla ya wakati wake. Kwanza tuulize: kila huduma tunayotoa, nani hasa anastahili kuilipia? Zipo huduma ambazo mtumiaji mwenyewe anaweza kuzigharimia, zipo za wanajamii kuchangia, na zipo ambazo ni wajibu wa kodi. Asasi inayozifunga zote ndani ya andiko moja la mradi huzipoteza zote siku ruzuku inapokatika.

Tuanze na aina ya kwanza, na mfano wake ni maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huingiza floraidi katika chemchemi na visima vya vijiji vingi vinavyouzunguka. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, lakini baadhi ya vyanzo vya Arumeru vina kiwango kinachozidi hicho mara kadhaa. Madhara yake yanaonekana kwenye meno ya kahawia na, kwa watoto walioathirika zaidi, kwenye mifupa ya miguu iliyopinda. Chujio lililoletwa kwa ruzuku husaidia mpaka malighafi yake ichoke. Kama mradi umeshafungwa, hakuna fungu la kununua nyingine.

Dk. Askwar Hilonga, mtafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru, alichukua njia tofauti. Chujio lake la nanoteknolojia lilimpatia mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Kampuni yake, Gongali Model, iliweka machujio mikononi mwa wajasiriamali wadogo wanaouza maji safi kwa majirani zao. Gongali ni kampuni, si asasi, lakini asasi zina la kujifunza hapo: fedha ya tuzo ilisaidia kuanza, na bei ya ndoo ndiyo inayotarajiwa kubeba matengenezo. Mantiki hiyo imo pia katika Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Kwa sheria hiyo, RUWASA inasimamia maji vijijini, huku vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vikiendesha miradi na kukusanya malipo. Chombo kinachoweka hesabu zake wazi na kutenga fedha ya pampu kabla haijaharibika hakitalazimika kungoja mfadhili ili maji yatoke.

Huduma za aina ya pili haziuziki. Utetezi wa ardhi, msaada wa kisheria na usuluhishi havina bei ya ndoo, ila vina wenyewe. Meru ina historia inayopaswa kufundishwa katika kila semina ya uongozi wa asasi. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu. Watu hao wangeweza kusubiri hisani ya nje. Badala yake walichangishana, wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, ambako mwaka 1952 alizungumza kwa niaba yao, akisaidiana na mwanasheria Earle Seaton. Azimio la kuwarudishia ardhi halikupata kura za kutosha. Lakini sauti ile haikuweza kunyamazishwa kwa kukata bajeti, kwa sababu waliotoa senti ndio waliokuwa na madai.

Uwezo huo wa kuchangishana haujatoweka. Wanawake wa vikundi vya VICOBA huweka hisa zao kila wiki, huhesabu fedha mbele ya wote, na hutenga mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Asasi ikiwaita watu hao walengwa kwa miaka kumi bila kuwahi kuwaomba ada ya uanachama wala kuwasomea mapato na matumizi, isishangae wasipojitokeza siku inapoyumba. Ada ndogo haiwezi kulipa mishahara yote, ila humpa mwanachama haki ya kuuliza, na asasi inayoulizwa na watu wake hujirekebisha mapema.

Aina ya tatu ndiyo ngumu zaidi, na hapa nasaha za kujitegemea hugeuka kuwa ukatili zisipotamkwa kwa uangalifu. Mama anayeishi na VVU pembezoni mwa jiji, mtoto mwenye ulemavu wa akili, mzee asiye na ndugu: hawa hatuwezi kuwaambia walipie huduma, wala kuwaachia majirani maskini wawabebe. Hiyo ni kazi ya kodi. Serikali imekwishaanza kuelekea huko. Januari 2024 ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na bajeti ya 2025/26 ilielekeza sehemu ya tozo mpya kwenye mfuko wa UKIMWI. Kinachokosekana ni daraja kati ya fedha hiyo na asasi zinazozijua nyumba za wagonjwa kwa majina. Halmashauri inayolipa mkandarasi kujenga barabara inaweza pia kuingia mkataba na asasi ya huduma za majumbani, kwa viwango vilivyoandikwa na kwa ukaguzi.

Fedha ya ndani nayo hubadilika. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Biashara pia ina misimu yake. Karakana ya Shanga ya Arusha, inayoajiri watu wenye ulemavu kutengeneza vyombo kwa chupa zilizotumika, inategemea sana watalii, na watalii walioingia nchini walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020. Kwa hiyo hakuna chanzo kimoja cha kuaminiwa peke yake, na akiba ya miezi kadhaa ni sehemu ya huduma yenyewe.

Kazi ya mwaka huu, basi, inajulikana. Kila bodi iorodheshe huduma zake na kuandika mbele ya kila moja jina la mlipaji wake. Za watumiaji zipewe bei ya haki, na za wanachama zipewe daftari la ada. Zile za kodi zipelekwe kwa madiwani wa Jiji la Arusha, wa Halmashauri ya Arusha na wa Meru kabla bajeti haijapitishwa, zikiwa na gharama kamili na idadi ya wanaohudumiwa. Diwani aliyeona hesabu hizo na bado akakataa atalazimika kueleza sababu kwa wapiga kura wake, jambo ambalo mfadhili wa ng'ambo hakuwahi kulazimika kulifanya.