Kiingereza cha Eastlands chatafuta bei

Mwaka 2001, nyumba za mawe za Valdelavilla, kijiji cha mkoa wa Soria nchini Uhispania ambacho wenyewe walikuwa wamekihama, zilifunguliwa upya kwa kazi moja tu: kuongea Kiingereza. Huko ndiko ulikoanzia mradi wa Pueblo Inglés. Wahispania, wengi wao wakilipiwa na kampuni wanazofanyia kazi, hukaa siku kadhaa bila kugusa lugha yao, wakila, wakitembea na kupiga soga na wageni waliokulia katika Kiingereza. VaughanTown, mpango uliotokana na shule za Mmarekani Richard Vaughan mjini Madrid, hufuata mtindo huohuo. Wageni hawa hawalipwi. Hupewa chumba, chakula na basi la kuwatoa Madrid, na nauli ya ndege ni juu yao.

Tangazo la namna hii likifika kwa kijana wa Umoja au Kayole, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, shida haianzii kwenye lugha. Kiingereza anacho. Ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili katika Katiba ya 2010, na ndicho alichofanyia mitihani hadi kidato cha nne. Shida inaanzia kwenye gharama. Ada ya viza ya Schengen ilipanda hadi euro 90 mnamo Juni 2024, yaani Sh13,000 hivi, na hairudishwi ombi likikataliwa. Lazima awe na bima ya safari inayofikia euro 30,000, taarifa za benki, uthibitisho wa mahali pa kulala, kisha tiketi yenyewe. Mwenzake wa Dublin hupanda ndege akiwa na pasipoti tu. Wote wawili wataketi meza moja na kumsikiliza mhasibu yuleyule wa Madrid, lakini mmoja atakuwa amelipa zaidi kwa nafasi ya kutoa kitu bure.

Sisemi mpango huo ni mbaya. Mwenye akiba na hamu ya kuona dunia atapata wiki nzuri na marafiki wa kweli. Ila kijana asiye na kazi auhesabu kama likizo, kwa sababu viza ya muda mfupi, ile ya siku 90 ndani ya 180, haimpi ruhusa ya kuajiriwa. Anayemwambia kwamba wiki ya kujitolea ni mlango wa ajira Ulaya, kisha anamdai pesa za kumsajili, anapaswa kuulizwa leseni. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira husajili mawakala wa kazi za nje, na kuthibitisha jina la wakala huko kabla ya kutuma hata shilingi ni jambo la dakika chache.

Mazungumzo hayohayo yanauzwa mtandaoni, na huko ndiko vijana wa Buruburu, Donholm na Komarock wanakoyatafutia soko. Soko hili lina ngazi zake. Ipo Cambly ya Marekani, iliyojulikana kwa kulipa senti 17 za dola kwa dakika, karibu Sh1,300 kwa saa nzima ya maongezi, bila kudai cheti cha ualimu. Ipo italki, iliyoanza 2007, ambako mwalimu hujipangia bei na jukwaa likachukua asilimia 15. Ipo pia Preply, kampuni iliyoanzishwa na vijana wa Ukraine mwaka 2012. Hapa pia bei unajipangia mwenyewe, lakini malipo ya somo la kwanza la kila mwanafunzi mpya huchukuliwa yote na jukwaa. Baada ya hapo linakata asilimia 33, na makato hushuka hadi 18 kadiri saa zako zinavyoongezeka.

Tuchukue mtu anayeanza Preply kwa dola tano kwa saa, bei ya chini ambayo mgeni asiye na sifa zilizoandikwa na wanafunzi hulazimika kuanzia. Akikatwa theluthi, anabaki na dola 3.35. Kwa Sh129 kwa dola, hiyo ni Sh430. Mshahara wa chini wa kibarua jijini Nairobi, baada ya nyongeza ya Novemba 2024, ni takriban Sh16,100 kwa mwezi. Ili aufikie, anahitaji saa 38 zilizolipiwa, achilia mbali masomo ya kwanza ambayo jukwaa huchukua malipo yake yote. Zinasikika chache. Lakini laini ya faiba ya karibu Sh3,000 kwa mwezi inameza saa saba za kwanza, halafu kuna tokeni za stima, vipokea sauti vyenye kipaza sauti kizuri, na ada ya kuhamisha dola hadi M-Pesa. Kuhamisha kwenyewe kumerahisishwa tangu PayPal na Safaricom waunganishe huduma zao mwaka 2018, ingawa urahisi huo una bei yake katika kiwango cha ubadilishaji.

Gharama kubwa zaidi haimo kwenye risiti yoyote, nayo ni utulivu. Ploti ya Umoja yenye vyumba vingi sakafu moja, baa chini, fundi wa kuchomelea ng'ambo ya barabara na matatu zinazoshindana kwa muziki si mahali pa kumsaidia mtu anayejikwaa katika lugha ngeni. Maktaba za mtaani, ile ya Kaloleni na ya Makadara zilizofufuliwa na shirika la Book Bunk, zinafaa kwa matayarisho, lakini maktaba ni ya kimya na kazi hii ni ya sauti. Kwa maoni yangu, kama kaunti au mpango wa serikali wa kazi za mtandaoni, Ajira Digital, uliozinduliwa 2016, ungetaka kuwainua watu hawa kwa haraka, ungewajengea vibanda vidogo visivyopitisha sauti katika kumbi za kijamii za Eastlands na kuvikodisha kwa saa. Mafunzo tunayo ya kutosha. Kinachokosekana ni chumba.

Saa nazo zina mchango wake. Mhispania anayefungua kompyuta saa mbili usiku kwao anamkuta Mkenya saa tatu wakati wa kiangazi na saa nne wakati wa baridi, muda ambao mtaa umeanza kutulia. Mteja wa Bogotá ni mgumu zaidi, maana saa moja yake ya jioni ni saa tisa usiku Nairobi. Kwa mteja wa Jiji la Mexico ni saa kumi alfajiri. Anayepokea wateja wa Amerika ya Kilatini amekubali kazi ya usiku, na bei yake iseme hivyo.

Kikwazo kinachoniudhi ni pasipoti kugeuzwa kipimo cha ulimi. Mpango wa serikali wa Korea Kusini wa kuajiri walimu wa Kiingereza, EPIK, hupokea raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtandaoni pia kuna majukwaa yasiyompa Mkenya nafasi ya kufungua akaunti hata kama Kiingereza chake kimenyooka. Ndiyo sababu biashara ya kukodi akaunti za wageni imeota mizizi katika kazi za mtandaoni nchini. Ni njia mbaya. Mwenye akaunti hushika pesa, na jukwaa likigundua hufunga kila kitu pamoja na salio.

Hasara ya kumfungia Mkenya mlango ni ya mwanafunzi pia. Kiswahili na Kihispania vyote vina irabu tano, a, e, i, o, u. Aliyekulia kwenye irabu hizo anajua kwa nini mtu wa Sevilla haoni tofauti ya ship na sheep, kwa sababu yeye mwenyewe alifundishwa tofauti hiyo darasani. Mtoto wa Eastlands vilevile amelelewa akibadilisha lugha kulingana na aliye mbele yake, Sheng kwa rika, Kiswahili kwa konda, lugha ya mama kwa nyanya, Kiingereza kwa mwalimu. Kupunguza kasi, kurudia kwa maneno mepesi na kumwacha mwenzako amalize sentensi yake ndicho kiini cha kazi hii, na watu hawa wameizoea tangu utotoni. Hilo liandikwe kwenye wasifu wao wa jukwaani, mstari wa kwanza, badala ya kuigiza lafudhi ya Kimarekani.

Kuna faida nyingine ambayo wachache wanaivuna. Anayeongea na Wahispania kila juma ana walimu wa Kihispania wasiomgharimu chochote. Kihispania ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, wenye mojawapo ya ofisi zake kuu Gigiri, na kampuni za safari zinazopeleka watalii Maasai Mara huhitaji waongozaji wanaoweza kukizungumza. Dakika kumi za kubadilishana mwishoni mwa kila kikao, zikikubaliwa mapema na mteja, zinatosha kumfikisha mtu kwenye mtihani wa DELE wa Instituto Cervantes baada ya muda. Mtihani huo una ngazi kuanzia A1 hadi C2, na hati yake haina tarehe ya kuisha.